Bukavu, Mlangoni mwa Ziwa

Ziwa Kivu lina tundu moja tu la kutokea, na Bukavu imekaa juu ya tundu hilo. Mito ya milima ya jirani, ya Rwanda na ya Kongo, humiminika ziwani, na maji yakishajaa hayana pa kwenda isipokuwa kusini, kwenye kibonde chembamba kinachotenganisha nchi mbili. Hapo ndipo unapoanza Mto Ruzizi. Zamani za kale haikuwa hivyo. Maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nile, mpaka volkano za Virunga zilipomwaga lava ya kutosha kuziba njia. Maji yakarudi nyuma, yakapanda, yakameza mabonde, na vilima vikabaki kuwa visiwa na rasi. Yalipofika ukingo wa kusini yakamwagika. Leo yanaporomoka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika, yanatoka tena Kalemie kwa Mto Lukuga, yanaingia Mto Kongo na kuishia Atlantiki.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Sehemu ya maji niliyojifunzia kuogelea ilipita hapa kwanza, na kwa miaka mingi nilitaka kuuona mlango wenyewe.

Niliufikia kwa miguu kiangazi cha 2025, nikitokea Kamembe, upande wa Rwanda. Asubuhi daraja la Ruzizi ya Kwanza ni la akina mama. Wanavuka na nyanya, vitunguu, mayai na madumu ya maziwa. Wengine wanarudi na mabeseni matupu kwenda kujaza tena. Wengi hawana pasi za kusafiria, wala hawazihitaji. Tangu Kongo, Rwanda na Burundi zilipounda jumuiya yao ya Maziwa Makuu mwaka 1976, watu wa mpakani wamezoea kuvuka kwa karatasi ndogo tu. Wakubwa wa pande mbili wanaweza kutukanana redioni usiku kucha. Saa kumi na mbili asubuhi nyanya zinavuka.

Waliogonga muhuri kwenye pasi yangu hawakuwa wametumwa na Kinshasa. Katikati ya Februari mwaka huo wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu baada ya kuuchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, na ofisi zote za mji, kuanzia mpaka hadi kodi, zikapata wakubwa wapya. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu na haraka. Nyuma yake ukutani palikuwa na alama ya mraba, rangi yake safi kuliko rangi iliyouzunguka, mahali palipotundikwa picha ya mtu fulani kwa miaka mingi.

Kutoka mpakani barabara inapanda. Huko juu ndipo unapouona mji kwa umbo lake, na unaelewa kwa nini wenyeji husema ni mkono wa kijani uliotumbukizwa ziwani: rasi tano zimenyooka majini, na katikati ya kila kidole na kidole kuna ghuba. La Botte, Muhumba na Nyofu ni majina ambayo kila dereva wa pikipiki anayajua, kwa kuwa huko ndiko kwenye nyumba za wakubwa, mashirika na bustani zinazoshuka hadi majini. Muhumba ndiko walikokaa pia walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, hadi walipofunga kazi zao Kivu Kusini mwezi Juni 2024.

Kilichowavuta Wabelgiji hapa mwaka 1901 ni mambo mawili: mpaka na baridi. Mpaka, kwa kuwa ng'ambo ya Ruzizi alikuwa Mjerumani, na kila mmoja alitaka kumwonyesha mwenzake bendera. Baridi, kwa sababu katika kimo cha mita 1,500 Mzungu aliweza kulala bila kutoa jasho na kulima bila kuogopa malaria sana. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Bashi, chini ya mwami wa Kabare, na hadi leo utawala wa jadi wa Kabare umeuzunguka mji. Ukitoka Bukavu kuelekea Kavumu umeingia kwa mwami. Mwaka 1927 mji ulipewa jina la Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, afisa wa kikoloni aliyekuwa amekwisha kufa tangu 1905. Miaka ya 1950 jina la Bukavu likarudi, na hakuna mtu niliyekutana naye aliyelikumbuka lile jingine kwa hamu.

Barabara kuu, inayoitwa sasa Avenyu Lumumba, bado ina sura ya miaka hiyo. Majengo yenye kona za duara, vibaraza virefu na madirisha ya duara yaliyoigwa kwa meli; Hoteli Résidence imesimama katikati yao. Rangi imebabuka na chini kuna maduka ya simu. Kwa macho yangu ni moja ya barabara nzuri kuliko zote za Afrika ya Kati, na uzuri wake haupungui kwa sababu mtu ameanika nguo kwenye ghorofa ya tatu.

Lakini uzuri huo uligawiwa kwa mizani ya rangi. Ibanda, sehemu ya rasi na ya barabara hiyo, ilikuwa ya Wazungu. Wafanyakazi wao waliwekwa Kadutu, mlimani nyuma. Baadaye, miaka ya 1950, ofisi ya kikoloni ya nyumba za Waafrika ikajenga Bagira, kaskazini kidogo, nyumba za mistari zilizopangwa kwa rula, ambako kiwanda cha bia kilitoa Primus kwa miaka mingi. Komine tatu za mji wa leo ni hizo hizo tatu: Ibanda, Kadutu, Bagira. Mipaka iliyochorwa kutenga watu ikawa mipaka ya utawala, na hakuna serikali iliyopata nafasi au nia ya kuichora upya.

Mji uliokusudiwa watu makumi ya maelfu sasa una zaidi ya milioni moja. Hawakuja wote kwa kupenda. Kila vita vya vijijini, Walungu, Kalehe, Shabunda, Mwenga, vimesukuma watu mjini, na kwa kuwa mbele kuna ziwa na mashariki kuna mpaka, watu wamepanda juu.

Kadutu unaipanda kwa magoti. Soko lake limejaa hadi barabarani: sombe (kisamvu) iliyotwangwa tayari, vitenge, maharage ya rangi zote, mitumba iliyorundikwa juu ya maturubali, na sambaza waliokaushwa. Juu ya soko njia za magari zinakwisha na njia za watu zinaanza: ngazi za udongo, za matairi, za mifuko ya mchanga, zinazopita katikati ya nyumba za mbao zilizobanana kiasi kwamba mlango wa huyu unafungukia dirisha la yule. Moto ukiwaka hapa unachukua nyumba kwa makumi, maana gari la zimamoto, hata likiwepo na lina maji, halina njia ya kupita. Mbao nyeusi zilizoungua utaziona zimetumika tena kwenye ukuta mpya.

"Papa, uchunge, huku kunateleza," aliniambia mama mmoja aliyekuwa anaosha vyombo kizingitini. Nikamuuliza ufa mrefu ukutani kwake umetoka wapi. Akacheka. "Nyumba yetu inatembea. Kila mwaka inashuka kidogo."

Hakuwa anatania. Upande wa Funu mlima mzima unashuka polepole, na makumi ya maelfu ya watu wanaishi juu yake. Watafiti waliolinganisha picha za angani za enzi ya ukoloni na vipimo vya setilaiti vya siku hizi, muda wa takriban miaka 70, walikuta kwamba mwendo wa mlima umeongezeka kadiri nyumba zilivyoongezeka. Sababu yenyewe ni ya kawaida sana. Bati halinywi mvua kama linavyokunywa shamba, mabomba yanavuja, maji machafu yanamwagwa mlangoni kwa kuwa hakuna mfereji, yote hayo yanaingia udongoni na kuulainisha kutoka ndani. Mteremko haukuwa imara tangu mwanzo, na watu wameuongezea maji. Halafu kuna matetemeko: hili ni Bonde la Ufa, na Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika kwa nguvu hapa na ng'ambo Rwanda, ikaua watu pande zote mbili.

Ujenzi wa namna hii watu wa Bukavu wanauita wa "anarchique", na kila gavana anayeingia huapa kuukomesha. Alama nyekundu za kubomoa nimeziona kwenye kuta nyingi. Kwenye ukuta mmoja zilikuwa mbili, ya zamani na mpya, na chini yake mwenye nyumba ameegesha meza ya kuuzia vocha. Yeye ana karatasi ya kiwanja yenye muhuri wa ofisi ya ardhi. Jirani yake, aliyejenga juu ya mfereji wa maji, naye anayo. Serikali inayouza mfereji kisha ikambomolea aliyeununua haina haki ya kumwita mwananchi mkaidi.

Maji yakishateremka Kadutu huingia kwenye vijito, na mashuhuri zaidi ni Kahuwa, unaopita kati ya Kadutu na Ibanda hadi ziwani. Kiangazi ni uzi mweusi chini ya chupa za plastiki. Msimu wa mvua, wenyeji walinionyesha, hufika dirishani. Chupa hizo hazikai. Zinaingia ziwani, upepo na mkondo vinazisogeza kusini kwenye lile tundu, zinaingia Ruzizi, na kilomita chache chini ya daraja zinakutana na bwawa la umeme lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko nilikuta takataka zimetanda juu ya maji kiasi cha ndege kutembea juu yake, na wafanyakazi wakizivua kwa mikono na nyavu kutoka kwenye mashua. Wasipozivua zinaziba njia ya maji na kuharibu mitambo, na umeme ukipungua giza linarudi Kadutu, kwa yule aliyetupa chupa kwa sababu hakuna aliyemletea gari la taka. Chini zaidi mtoni kuna bwawa la pili, la mwaka 1989, mali ya nchi tatu kwa pamoja. Takataka zinazopenya hapa zinaelekea huko, na nyingine, bila shaka, kwetu.

Kuna kitu kimoja kilichosafiri kinyume na maji. Sambaza, wale dagaa wa fedha wanaoliwa hapa na ugali wa muhogo, si wenyeji wa Kivu. Walitolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kupandwa hapa, kwa kuwa ziwa hili lilikuwa na samaki wachache. Jioni mitumbwi hutoka mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavuvi wakiimba kwa kupokezana ili makasia yaende sawa, na taa zao zinawaka hadi alfajiri. Nilikula sambaza wa kukaanga kwenye kibanda karibu na bandari ya boti za Goma. Nilimwambia mwenye kibanda kwamba hawa ni ndugu zangu. Akasema bei ni ileile.

Bei kwanza ilibidi iwe na fedha ya kuilipia. Tangu Februari mabenki yalikuwa yamefungwa. Walimu na wauguzi wanaolipwa na Kinshasa walikuwa wanapata mishahara kwa simu, wakala akikata sehemu yake, au wanavuka mpaka kuitafuta. Noti za faranga za Kongo zilizobaki mjini zilikuwa zimechakaa hadi namba kufutika, na wanunuzi na wauzaji walizibishania: hii naipokea, hii siipokei. Dola nazo zilikaguliwa kwa jua, maana noti ya dola yenye ufa mdogo kabisa Bukavu haina thamani. Hilo ni la tangu zamani, halina uhusiano na vita.

Mzee mmoja niliyeketi naye Nyawera alinihesabia majeshi kwa vidole. Mwaka 1964 akiwa mtoto, waasi wa Simba waliingia mjini na Kanali Mulamba akawatoa. Mwaka 1967 mamluki wa Mbelgiji Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, wakapigwa mabomu, wakakimbilia Rwanda kwa daraja lile lile la akina mama wa nyanya. Mwaka 1994 daraja lilimimina mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda, na miongoni mwao wauaji wenye silaha. Watu wakalala barabarani, shuleni, kwenye bustani za makanisa. Miaka miwili baadaye vita viliwafuata.

Alinyamaza kidogo hapo, kwa sababu mahali tulipoketi ni karibu na alipouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996. Alikuwa Mjesuti, mtoto wa huku huku, na wiki zile wakubwa wa mji walipokuwa wanapakia magari kuondoka, yeye alibaki akiwaambia watu watulie na wakae. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, aliuona mji ukiingia mikononi mwa waasi wa RCD, walioushika tangu Agosti 1998. Alipowasema kwenye waraka wa Noeli, mwanzoni mwa 2000 walimzuia asirudi jimboni mwake, na akakaa Butembo miezi saba. Mji ulifunga maduka na shule kupinga utawala wao. Alirudi Septemba, akapokewa kwa matawi, na Oktoba akafa Roma. Mzee akaendelea: Juni 2004, makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi, wiki moja ya kuporwa. Na sasa hawa. Vidole vya mkono mmoja vilikuwa vimekwisha.

Ni rahisi kuandika Bukavu kwa hesabu hiyo ya mzee na kuishia hapo. Magazeti ya nje hufanya hivyo. Lakini mji unaotekwa mara zote hizo na bado ukawa na shule zinazofunguliwa saa moja na nusu lazima unatawaliwa na mtu, na huyo si gavana.

Kwa karatasi, mambo ni hivi. Hadi 1988 Bukavu ilikuwa makao ya Kivu nzima. Mwaka huo Kivu ikagawanywa sehemu tatu, Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na mji ukabaki na ya kusini. Juu ya mji kuna gavana wa jimbo. Mji wenyewe una meya, kila komine ina bourgmestre, komine imegawanywa kwa katiye, katiye kwa avenyu, na avenyu kwa nyumba kumi, mpango ambao Mtanzania yeyote wa umri wangu angeutambua gizani. Sheria ya Oktoba 2008 inataka meya achaguliwe na madiwani wa mji, na madiwani wachaguliwe chini. Kwa vitendo mameya wameteuliwa Kinshasa, kilomita 1,500 hivi kwa ndege, bila barabara ya kuaminika katikati. Mwaka 1958, chini ya Mbelgiji, Bukavu ilipiga kura ya mabaraza ya komine. Mtu aliyeipiga kura hiyo akiwa kijana amezeeka akisubiri meya wa kuchaguliwa.

Kiangazi hicho jimbo lilikuwa na magavana wawili: mmoja Bukavu, aliyewekwa na M23 na washirika wake wa AFC, na mwingine wa Kinshasa, aliyehamishia ofisi Uvira. Uvira nayo ni safari yenye kejeli yake hata wakati wa amani: barabara ya ndani kupitia mteremko wa Ngomo ni mbaya, hivyo wasafiri wengi walizoea kuvuka Ruzizi, kushuka kupitia Rwanda, na kuingia tena nyumbani Kamanyola. Mkongo anapita nchi ya watu kwenda wilaya ya jirani.

Ukitafuta utawala usiohama, utaupata sehemu ambazo hazina bendera mlangoni. Kanisa lina shule nyingi na hospitali. Shule ya Wajesuti ya Alfajiri imesomesha mawaziri na wapinzani wao. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999 kusini mwa Ibanda, imetibu makumi ya maelfu ya wanawake waliobakwa na majeshi ya pande zote. Nobel ya 2018 ilimkuta akiwa chumba cha upasuaji. Redio Maendeleo, ya mwaka 1993, imefungwa na waasi na kufunguliwa tena. Na vyama vya kiraia vya Bukavu vina sifa ya ubishi kote Kongo.

Chini ya hivyo vyote kuna avenyu. Rafiki aliyenikaribisha anaishi Nyamugo, huko Kadutu, na Jumamosi moja alfajiri tuliamshwa kwa filimbi: salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha. Kiongozi alikuwa mama wa makamo, chefu wa avenyu, mwenye daftari la shule lenye jalada la Lionel Messi. Kabla ya Februari aliandika wageni na vifo na kupeleka ripoti kwa mkuu wa katiye wa serikali ya Kinshasa. Baada ya Februari anaandika wageni na vifo na kupeleka kwa mkuu wa katiye aliyepo. Mimi mwenyewe aliniandika: jina, nilikotoka, nalala kwa nani. Hakuna mshahara. Anapata heshima, lawama, na soda kwenye misiba.

Kazi ya siku ile ilikuwa mfereji. Septemba mvua zinaanza, na mwaka uliopita ukuta wa juu uliporomokea njia. Walikuwa wanapanga mifuko ya mchanga na kumlipa fundi mmoja wa saruji kwa mchango wa kila nyumba. Kijana mmoja alisema afadhali wasubiri, huenda utawala mpya utaleta mradi. Mwingine akasema hapana, Uvira wamesema wanarudi. Mama akawaacha wamalize.

"Magavana beko babili," alisema, "lakini rigole ni moja tu. Shika beleshi."

Tulichimba hadi saa nne. Nilibeba mifuko na watoto wakanicheka kwa jinsi nilivyopumua, maana mtu wa ufukweni hana mapafu ya Kadutu. Fundi akapima, akasema saruji imebaki ya mita mbili, na mchango una upungufu. Mama akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye majina: huyu amelipa, huyu amelipa nusu, huyu mjane asiguswe, huyu ana duka na friji na hajatoa kitu tangu Juni. Akavaa kandambili zake, akaliweka daftari kwapani, akapanda ngazi kwenda kumgongea.